Mfungwa wa Muheza na Kelele za Wageni

Kila barua inapotoka London, Brussels au Geneva kuuliza habari za watu waliofungwa kwa sababu za siasa nchini Tanzania, sauti mbili husikika kwa pamoja. Ya kwanza ni ya wale wanaoruka na kusema kwamba taifa huru halifundishwi, kwamba mabeberu wamerudi kwa mlango wa nyuma, na kwamba Mtanzania anayewapelekea wageni habari za magereza ya nchi yake ni kibaraka. Ya pili ni ya wale ambao wakisikia kuwa Bunge la Ulaya limepitisha azimio hushangilia kana kwamba kibla kimehamia Brussels. Sauti hizi hutukanana kutwa, lakini zimelelewa na kasumba moja. Zote mbili zinaamini kwamba jambo la mfungwa wa Kitanzania ni shauri baina ya serikali na Mzungu. Mfungwa mwenyewe, pamoja na mkewe anayepanga foleni na kikapu cha chakula mlangoni mwa gereza, hayumo katika shauri hilo.

Sauti ya pili haina nguvu ya kumfunga mtu wala kumfungua, kwa hiyo inaweza kuachwa ipige makofi. Ya kwanza ndiyo inayopaswa kukabiliwa, kwa sababu huvaa nguo za uzalendo na hutamkwa na watu wenye mamlaka. Hoja yake ni kwamba kusema habari za gereza mbele ya mgeni ni kuisaliti nchi. Wenye hoja hiyo wangefaa kupelekwa Muheza.

Nchi ya Bonde, iliyo kati ya pwani ya Tanga na milima ya Usambara, inajulikana kwa mkonge na machungwa. Reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga ilifika Muheza mwaka 1896. Karibu na hapo, Magila, misheni ya Kiingereza ya UMCA ilikuwa imekwisha kujenga kanisa na shule kabla Mjerumani hajapandisha bendera yake. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, waalimu na mapadre Waafrika wa misheni hiyo walijikuta wamegeuka kuwa watu wa kushukiwa. Walikuwa wamefundishwa na Waingereza, walijua kusoma Kiingereza, na walikuwa na rafiki zao Unguja. Hayo yalitosha. Wengi wao wakakamatwa, wakatiwa minyororo na kusukumwa katika kazi za sulubu. Wako waliokufa humo.

Mmoja wa waliofungwa alikuwa Martin Kayamba, Mbondei, mwana wa mwalimu wa misheni, kijana aliyekuwa amesoma chuo cha Kiungani huko Unguja. Alitiwa gerezani na Wajerumani kwa kudhaniwa kuwa jasusi wa Waingereza, na baba yake pia hakusalimika. Kilichomfunga ni shaka ya mtawala, na kilichomfungua ni mwendo wa vita. Majeshi ya Kijerumani yaliposhindwa na kurudi nyuma mwaka 1916, minyororo ikaanguka. Baada ya hapo akawa karani katika ofisi ya serikali mpya ya Kiingereza hapo Tanga, akapanda cheo, na mwaka 1922 akaongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali katika mji huohuo. Wanahistoria wengi hukihesabu chama hicho kuwa miongoni mwa mizizi ya mbali ya siasa za Waafrika katika Tanganyika.

Hapana budi kusema kweli juu ya mtu huyu. Kayamba hakuwa mpigania uhuru kama neno hilo lilivyokuja kueleweka baadaye. Alikuwa karani mtiifu wa serikali ya kikoloni, mwenye kuvaa suti na kuamini kwamba maendeleo yataletwa na shule na adabu njema, na wako waliomcheka kwa sababu hiyo. Lakini mwaka 1931 walowezi wa Kenya walipotaka Tanganyika, Kenya na Uganda ziunganishwe chini ya kivuli chao, karani huyu alipanda meli pamoja na wenzake wawili, Mwami Makwaia wa Usukuma na Francis Lwamgira wa Bukoba, wakaenda kutoa ushahidi London mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Waliyoyasema yaliwaongezea nguvu waliokuwa wakiupinga muungano huo, nao haukufanyika. Mwaka 1932 alichapisha kwa Kiswahili habari za safari hiyo. Na masimulizi ya maisha yake, yenye habari za kufungwa kwake, yalichapwa mwaka 1936 huko London katika kitabu kilichohaririwa na Mwingereza, Margery Perham.

Jambo hili linahitaji kutazamwa kwa utulivu. Serikali ya Kijerumani ingependa sana habari za gereza lake zibaki Bonde, zizikwe pamoja na waliozikwa. Kama leo mjukuu wa Muheza anaweza kusoma jinsi wazee wake walivyoteswa kwa shaka tu, ni kwa sababu mfungwa mmoja alisema na kitabu cha wageni kikayabeba maneno yake. Je, Kayamba alikuwa msaliti? Msaliti wa nani?

Watasema kwamba huo ulikuwa ukoloni, na kwamba mkoloni hana nchi ya kusalitiwa. Vema. Na tuhesabu basi hatua zilizofuata, maana historia ya TANU yenyewe ni historia ya kwenda kusema nje.

Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha wakulima wa Usambara, hasa katika bonde la Mlalo, kulima matuta na makinga maji katika mashamba yao ya milimani kwa nguvu za mikono yao bila malipo. Waliokataa walipelekwa mbele ya mabaraza, wakatozwa faini, na wengine wakafungwa. Mabwana wa kilimo waliwaita wajinga na wachochezi. (Neno hili "mchochezi" limeishi maisha marefu kuliko waliolileta. Mkoloni alilitumia kwa kila Mwafrika aliyeuliza swali, naye aliyemrithi hakulitupa pamoja na kofia yake ya jua.) Wakulima hao walimshinda bwana mkubwa, kwani mpango wenyewe uliachwa kabla ya uhuru kufika, na Usambara ikawa ngome ya TANU.

TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Haikumaliza mwaka kabla ya kumtuma Rais wake nje. Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akawaeleza wageni wa kila rangi jinsi nchi yake inavyotawaliwa. Gavana Twining hakufurahi. Kwa maoni ya serikali yake, mambo ya Tanganyika yalikuwa ya Tanganyika na Uingereza, na yule kijana mwalimu wa Pugu alikuwa akiipaka nchi matope mbele ya watu wasioijua. Mwalimu alirudi tena New York mwaka 1956. Mwaka 1957 akapigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Mwaka 1958 akashtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya makala katika *Sauti ya TANU* iliyowashutumu mabwana shauri wawili. Wakili aliyekuja kumtetea alitoka London, D. N. Pritt, yuleyule aliyekuwa amemtetea Jomo Kenyatta katika kesi ya Kapenguria. Mahakama ikamwona Mwalimu ana hatia na kumwamuru alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Faini ikalipwa.

Hakuna mwanachama mmoja wa TANU aliyesema siku hiyo kwamba Pritt ni mgeni na arudi kwao. Hakuna aliyeuliza kwa nini habari za Tanganyika zipelekwe New York. Wote walielewa kwamba aliyezibwa mdomo nyumbani ana haki ya kupaza sauti dirishani.

Sasa waje hao wageni wenyewe, maana nao wana lao la kujibu.

Uingereza inayoandika barua za kuulizia wafungwa ilikuwa na desturi zake katika Afrika Mashariki. Katika Hali ya Hatari ya Kenya, iliyotangazwa Oktoba 1952, makumi ya maelfu ya watu waliwekwa kambini bila kufikishwa mahakamani. Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola, mahabusu 11 walipigwa kwa virungu mpaka kufa kwa kukataa kufanya kazi. Maelezo ya kwanza ya serikali yaliyahusisha mauaji hayo na maji waliyokunywa. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kwa neno la majuto kutamkwa. Juni 6, 2013 Waziri William Hague alisimama Bungeni London, akakiri kwamba Wakenya waliteswa, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wengi waliokuwa na haki ya malipo hayo walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Marekani nayo ilifungua gereza la Guantánamo Januari 2002, na wako watu waliokaa humo zaidi ya miaka 20 bila kesi kusikilizwa. Serikali hizohizo zilimpokea Mobutu kwa mazulia, zikamuuzia silaha, wala hazikuona wafungwa wake. Mwaka 1971, katika mkutano wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Singapore, Waziri Mkuu Edward Heath alikuwa akitetea haki ya Uingereza ya kuwauzia silaha makaburu wa Afrika Kusini, wakati Nelson Mandela yuko Robben Island akiponda mawe. Kwa watu wenye rekodi hiyo kuja kusomea wengine somo la haki za binadamu, kwa sauti ya mwalimu mkuu na fimbo ya misaada mkononi, ni jambo linalomchefua kila Mwafrika mwenye kumbukumbu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Yote hayo ni kweli, na yasemwe bila haya. Lakini hapa ndipo hoja ya wakubwa inapopinda njia. Dhambi ya Hola inamfanya Mwingereza awe hakimu mbaya. Haimfanyi mfungwa wa Tanzania awe na hatia. Mtu akishikwa usiku, akakaa gerezani miezi kumi akisubiri upelelezi ukamilike, hapati nafuu yoyote akiambiwa kwamba hata Waingereza walifanya hivyo Kenya. Na kama kipimo cha haki katika nchi huru kitakuwa ni yale aliyoyafanya mkoloni, basi ile safari ya 1955 ilikuwa na maana gani?

Tanzania ilikuwa na kipimo chake yenyewe, na kipimo hicho kilikuwa kikubwa kuliko cha wageni. Desemba 1965, kwa ajili ya wananchi wa Rhodesia waliokuwa wakitawaliwa na kufungwa na walowezi wachache wa Ian Smith, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Taifa maskini lililipa gharama hiyo kwa ajili ya wafungwa wa nchi nyingine. Julai 1975 viongozi wa Afrika walipokusanyika Kampala kwa mwenyeji wao Idi Amin, Tanzania ilikataa kwenda. Serikali ilieleza waziwazi kwamba ni aibu kwa Afrika kupiga kelele Mzungu anapomuua Mwafrika na kunyamaza Mwafrika anapomuua Mwafrika mwenzake. Amin na marafiki zake walijibu nini? Walijibu kwamba hayo ni mambo ya ndani ya Uganda. Kwa hiyo maneno haya "mambo ya ndani", yanapotamkwa Dodoma leo, yanatamkwa kwa lafudhi ya Kampala ya 1975.

Sasa yasemwe ya nyumbani, maana hayasemwi mara nyingi katika kurasa kama hizi.

Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini ilipitishwa na Bunge mwaka 1962, kabla uhuru haujatimiza mwaka mmoja. Ilimpa Rais uwezo wa kuamuru mtu awekwe kizuizini bila mashtaka akiaminiwa kuwa hatari kwa usalama, na ikakataza amri hiyo kuulizwa na mahakama yoyote. Ilirithi mawazo ya sheria za kikoloni, ikiwamo ile ya mwaka 1921 ya kuwahamisha watu kwa nguvu, ambayo nayo iliachwa hai. Waliotunga hawakuwa watu wabaya. Nchi ilikuwa changa. Januari 1964 wanajeshi wa Colito waliasi na serikali ikatikisika kwa siku kadhaa. Wareno walikuwa ng'ambo ya Ruvuma na mabomu yao, na Februari 3, 1969 Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Mtu asiyekumbuka hofu ya miaka ile hana haki ya kuwahukumu walioibeba.

Lakini hofu ina tabia ya kukaa baada ya hatari kuondoka. Baada ya maasi ya 1964 viongozi wa vyama vya wafanyakazi wasiohusika na bunduki yoyote walijikuta ndani pamoja na wengine. Oscar Kambona alipokimbilia London mwaka 1967, ndugu zake wawili, Otini na Mattiya, waliwekwa kizuizini, wakakaa humo mpaka mwaka 1978. Baada ya kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume Aprili 1972, Abdulrahman Babu, aliyekuwa waziri mpaka miezi michache kabla ya hapo, alikamatwa Bara. Mahakama ya Zanzibar ikamhukumu kifo mwaka 1974 akiwa hayupo mbele yake, na serikali ya Muungano ikakataa kumpeleka huko. Hapa msomaji na atue kidogo: kukataa kule kulimwokoa Babu na kitanzi, na ni sifa kwa waliokataa. Ila hawakumfungua wala hawakumshtaki. Alikaa miaka sita. Shirika la Amnesty International lilidai aachiwe. Alipotoka mwaka 1978 nchi haikuanguka. Kitabu alichokiandika akiwa gerezani kikachapwa London mwaka 1981, kikisema ujamaa wa Tanzania haukuwa ujamaa wa kweli, na siku ya pili yake maduka ya ushirika yalifunguliwa kama kawaida. Hatari iliyokuwa imefungiwa miaka yote hiyo ilikuwa ni maoni.

Na hapo wageni hawakuwa na sehemu kubwa kama wanavyopenda kujisifu. Mambo mazuri yaliyofanyika katika habari hii yalifanywa na Watanzania. Mwaka 1976, katika msako wa wauaji huko Mwanza na Shinyanga, watu wa usalama waliwatesa watuhumiwa na baadhi yao wakafa mikononi mwao. Serikali haikungoja barua kutoka Geneva. Waliohusika walishtakiwa, na mwaka 1977 waliokuwa na dhamana ya juu waliachia madaraka, miongoni mwao Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, Waziri Peter Siyovelwa, na Mkuu wa Mkoa Peter Kisumo. Mwinyi hakuwa amempiga mtu hata kofi. Alijiuzulu kwa sababu walioteswa waliteswa chini ya jina la wizara yake. Kitendo hicho hakikumwangusha, kwani mwaka 1985 wananchi walimpa nchi nzima. Tangu wakati huo vijana wengi wamekufa au kupotea katika mikono ya vyombo vya dola, na mwananchi anaweza kuuliza ni mawaziri wangapi wamefuata mfano ule.

Vivyo hivyo katika sheria. Mjadala wa Katiba ulioanzishwa na Chama mwaka 1983 ndio uliowapa wananchi, wanasheria na watu wa Zanzibar nafasi ya kudai hati ya haki za binadamu, na mwaka 1984 ikaingizwa katika Katiba. Mwaka 1985 Sheria ya Kizuizini ilirekebishwa ili amri zake ziweze kuulizwa mahakamani. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu huko Mwanza aliitazama ile sheria ya kikoloni ya 1921 katika shauri la mtu mmoja wa Musoma, akasema waziwazi kwamba haipatani na Katiba. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iliorodhesha sheria 40 zinazokandamiza na kupendekeza zifutwe au zirekebishwe. Sheria ya Kizuizini ilikuwamo katika orodha hiyo. Nyalali, Mwalusanya na wale waliosimama katika mikutano ya 1983 hawakutumwa na balozi yeyote.

Kwa hiyo yule anayesema haki za binadamu ni bidhaa ya kigeni anawatukana Watanzania hao. Anawatukana pia Waafrika wengine. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa Nairobi mwaka 1981, na Tanzania ikauridhia mwaka 1984, mapema kuliko nchi nyingi. Mahakama iliyozaliwa na mkataba huo iko Arusha. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa tamko la kuwaruhusu wananchi wake kwenda wenyewe mbele ya mahakama hiyo, na wananchi wakaenda kwa wingi kuliko wa nchi nyingine yoyote. Sehemu kubwa yao walikuwa wafungwa, watu wasio na jina, walioandika malalamiko yao wakiwa gerezani. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda hapo Juni 2013 katika shauri la mgombea binafsi. Novemba 2019 tamko hilo likaondolewa.

Hapo ndipo hoja ya wageni inapovuliwa nguo. Majaji wa Arusha si Wazungu. Ni Waafrika waliochaguliwa na Umoja wa Afrika, na jengo lao liko katika ardhi ya Tanzania. Kama tatizo lingekuwa ubeberu, mlango uliofungwa ungekuwa wa Brussels. Uliofungwa ni mlango wa nyumbani, na aliyefungiwa mlango wa nyumbani akionekana barazani kwa jirani, mwenye nyumba hana haki ya kushangaa.

Yaliyofuata yanajulikana. Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, alikamatwa Mwanza Julai 2021 katika siku za kudai Katiba mpya. Akashtakiwa kwa ugaidi na kukaa ndani zaidi ya miezi saba, kisha Machi 4, 2022 mashtaka yakafutwa. Kama alikuwa gaidi, kwa nini aliachiwa? Kama hakuwa gaidi, nani alijibu kwa miezi ile saba? Tundu Lissu, aliyepigwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017 akiwa mbunge, alikamatwa Mbinga Aprili 9, 2025 na kushtakiwa kwa uhaini, kosa lisilo na dhamana. Bunge la Ulaya lilipitisha azimio Mei 8, na kelele za "wasituingilie" zikajaa magazetini. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 na damu iliyomwagika katika siku zile, mamia ya watu, wengi wao vijana, walisomewa mashtaka ya uhaini. Katikati ya Novemba Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe, akilihutubia Bunge, alivitaka vyombo vya sheria viwaangalie kwa huruma wale waliofuata mkumbo, na wengi wakaachiwa.

Kuachiwa huko kulikuwa kwema, na mama aliyempokea mwanawe kituoni hakuuliza ni kwa huruma au kwa haki. Lakini sheria haina budi kuuliza. Uhaini ndilo kosa kubwa kuliko yote katika nchi, na adhabu yake ni kifo. Kosa linaloweza kubandikwa kwa mamia ya watoto wa watu katika wiki moja na kubanduliwa katika wiki ya pili kwa neno la huruma, bila ushahidi kusikilizwa huku wala huku, limegeuzwa kuwa kama ile "jasusi" aliyobandikwa Martin Kayamba.

Na safari hii waliosema hawakuwa Wazungu peke yao. Waangalizi wa SADC walisema uchaguzi ule haukufikia viwango vya jumuiya hiyo. Waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema vivyo hivyo. SADC ni mtoto wa zile nchi za mstari wa mbele ambazo Mwalimu alikuwa mwenyekiti wao. Umoja wa Afrika ni mrithi wa ule wa 1963 ulioiweka Dar es Salaam kuwa makao ya Kamati ya Ukombozi. Wageni gani hawa? Wapo waliokula ugali wa Tanzania miaka 30 wakisubiri nchi zao zikombolewe.

Serikali ikitaka kuwanyamazisha mabeberu, njia ipo wala haina gharama. Mtu anayetuhumiwa ashtakiwe kwa kosa alilolitenda, si kwa kosa kubwa lililo karibu na mkono. Upelelezi uwe na kikomo. Makosa yasiyo na dhamana yapunguzwe, na hakimu arudishiwe uwezo wa kuamua nani akae ndani na nani asubiri nyumbani. Zile sheria za orodha ya Nyalali zilizobaki zitazamwe upya. Na tamko la Arusha lirudishwe. Liliondolewa kwa barua, na barua nyingine yatosha kulirudisha.

Mkulima wa machungwa wa Muheza, kama ana mwana gerezani na shauri lake limegonga ukuta katika mahakama zote za nchi, hupanda basi alfajiri. Basi hupita Segera, Korogwe, Mombo, chini ya milima ya Usambara ambako babu zake walikataa matuta, kisha Same na Moshi, na jua halijazama amefika Arusha. Haombi viza, habadilishi fedha, wala hahitaji mkalimani wa kumwuliza njia. Mahakama ya Afrika ipo hapo, na bendera ya Tanzania inapepea nje. Tangu tamko lile lilipokoma mwishoni mwa mwaka 2020, akifika mlangoni na karatasi zake mkononi huambiwa kwamba wa Burkina Faso, wa Ghana, wa Mali na wa Malawi waweza kuingia wenyewe, yeye hawezi.